Bunduki ya risasi moja: siri iko nyuma ya mtutu

Msikilizaji mmoja ameniandikia barua yenye swali fupi. Anauliza: ikiwa wahunzi wetu wanajua kutengeneza gobole, ilikuwaje babu zetu wakashindwa na watu wenye bunduki ambazo nazo zilitoa risasi moja tu kwa wakati mmoja? Swali hili ni zuri, na jibu lake linaenea kiganjani. Ni kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu.

Tuanze na gobole tunalolijua. Mtutu wake umezibwa nyuma moja kwa moja, kwa hiyo kila kitu huingilia mdomoni: baruti, kisha kitambaa, kisha risasi, na vyote hushindiliwa kwa ufito. Mpigaji hana budi asimame au apige magoti, adui akimwona. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika.

Bunduki ya kujazia nyuma iliondoa taabu hiyo. Lakini, ndugu msikilizaji, fikiri kidogo. Ukitoboa nyuma ya mtutu ili upitishe risasi, moto utapita wapi? Baruti ikiwaka hutoa hewa moto inayosukuma pande zote kwa nguvu. Jeshi la Prussia lilipokubali bunduki ya namna hii mwaka 1841, hewa hiyo ilikuwa ikivuja karibu na uso wa askari. Kwa miaka mingi mafundi wa Ulaya waliumiza vichwa juu ya jambo hili moja.

Dawa ilipatikana kwa vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni ganda la shaba ya njano. Baruti ikilipuka, ganda hutanuka na kubana kuta za mtutu kama kizibo, halafu hunywea kidogo na kukubali kutolewa. Cha pili ni mlango wa chuma unaolishikilia ganda kwa nyuma lisirudi.

Waingereza walichagua mlango wa Martini-Henry mwaka 1871. Friedrich von Martini, aliyefanya kazi Uswisi, aliuboresha kutokana na wazo la Mmarekani Peabody, na mtutu ulibuniwa na Alexander Henry wa Edinburgh. Ukishusha wenzo ulio chini ya kitako, kipande cha chuma kinainama mbele, ganda tupu linatupwa nje, na chemchemi ya kupigia inakazwa. Yote hayo kwa mwendo mmoja wa mkono. Unaweka risasi, unapandisha wenzo, unafyatua. Ndani ya mtutu kuna mifereji saba iliyojipinda, nayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Mtu aliyelala kifudifudi aliweza kupiga mara kumi na zaidi kwa dakika.

Wajerumani walichukua njia nyingine. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, kutoka Oberndorf, ilifungwa kwa komeo: unainua mkono wake, unavuta nyuma, unatia risasi ya milimita 11, unasukuma, unalaza. Ni komeo la mlango hasa, ila limechongwa kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Nafasi ikizidi kidogo nyuma ya ganda, ganda hupasuka. Ikipungua kidogo, mlango haufungi. Kiwanda cha Enfield, kaskazini ya London, kilileta mashine kutoka Marekani katika miaka ya 1850, na kila kipande kilipitishwa katika vipimo vya chuma kabla ya kukubaliwa. Bunduki ya elfu moja ililazimika kufanana na ya kwanza.

Hata hivyo wenyewe walipata fedheha. Ganda la kwanza la Martini-Henry lilikuwa bamba jembamba la shaba lililoviringishwa. Huko Abu Klea, Sudan, mwezi Januari 1885, bunduki nyingi zilikwama katikati ya mapigano, na askari wakafa wakihangaika na magandā yasiyotoka. Baadaye likaja ganda la shaba lisilo na maungio.

Sasa turudi kwa babu zetu. Ujuzi wa chuma walikuwa nao: wahunzi wa Buhaya walitengeneza chuma cha pua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Huko Afrika Magharibi wahunzi wa Samori Toure waliiga bunduki za Kifaransa za kujazia nyuma kwa nyundo na tupa, hadi Samori alipokamatwa mwaka 1898. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba Mwafrika hakuweza. Lakini tupa hutengeneza moja moja, na kila bunduki huzaliwa na vipimo vyake.

Tena kulikuwa na sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza silaha zenye mtutu wa mifereji katika sehemu kubwa ya Afrika, ila kwa ajili ya serikali za wakoloni na wachache waliopewa kibali. Gobole la gumegume, lisilo na mifereji, liliachiwa nafasi. Waliotunga mkataba huo walijua vizuri tofauti iko wapi. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walivunja jeshi la Zelewski pale Lugalo na kuteka bunduki nyingi. Lakini bunduki ya aina hiyo bila kiwanda cha risasi nyuma yake ni rungu la bei ghali.

Ufundi nao huzeeka. Mwezi Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga, sehemu kubwa ya askari wa Wajerumani bado walikuwa na Mauser ile ya 1871. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililoonyesha mpigaji alipojificha. Walishinda, na silaha walizoteka zikawatosha kubadilishia makampuni matatu.

Basi jibu langu kwa msikilizaji ni hili. Mkono wa mhunzi wetu haukupungukiwa. Kilichokosekana ni karakana inayoweza kurudia kipimo kilekile mara elfu, na sokoni mlango ulikuwa umefungwa. Silaha za namna ile sasa zimo katika makumbusho. Lakini ukimkuta kijana karakanani akipima kipande chake mara ya tatu kabla ya kukikata, usimwambie anachelewesha kazi.