Kibali cha Mwenye Lori Nchini Marekani
Nchini Marekani, dereva anayemiliki lori lake na kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe, awe mzaliwa au mhamiaji kutoka Kongo au Kenya, haruhusiwi kubeba mizigo ya watu kwa malipo kutoka jimbo moja hadi jingine kwa leseni ya udereva pekee, kwani sheria humhesabu kuwa msafirishaji, yaani mwenye dhamana ya mzigo, gari na usalama wa barabarani. Mamlaka ya shirikisho ya usalama wa magari ya usafirishaji, FMCSA, humpa namba ya USDOT, ambayo hutumika kufuatilia rekodi zake za usalama, na kwa ada ya dola 300 hupokea ombi lake la kibali cha biashara. Lakini kibali hicho hakianzi kutumika mpaka kampuni ya bima yenyewe iithibitishie mamlaka kuwapo kwa kinga isiyopungua dola 750,000 kwa lori kubwa la mizigo ya kawaida, na mpaka ateuliwe wakala wa kumpokelea hati za mahakama katika majimbo anamopita. Bima ndiyo inayowalemea wengi, maana msafirishaji mpya asiye na rekodi hutozwa zaidi. Hufuata usajili wa kodi ya mafuta na ya magari mazito, kisha miezi 18 ya uangalizi ambamo kumbukumbu zake hukaguliwa. Asiye na akiba ya bima asiharakishe kununua lori.