Sabuni ya kuyeyusha: kwa nini tuliianza Lubudi, na namna ya kuitengeneza

Tangu tulipoanza kazi ya sabuni na akina mama wa Lubudi, wengi wametuuliza swali moja. Kwa nini mnanunua sabuni ya kuyeyusha kutoka Lubumbashi, na mawese yapo sokoni? Kila mama wa hapa anajua kwamba mawese na soda kostiki hutoa sabuni. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye kosa letu wenyewe.

Kikundi tunachofuatana nacho kina akina mama wa pande mbili: wenyeji wa hapa, na wale wa familia zenye asili ya Kasai. Wasomaji wa mbali wakumbuke kwamba mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa malaki kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga ya wakati ule. Wengi waliondoka kwa treni, na reli hiyo inapita hapa Lubudi. Baadhi ya mama zetu walikuwa ndani ya mabehewa wakiwa wasichana. Baadhi waliyatazama yakipita.

Siku ya kwanza ya mafunzo tulileta mawese, soda kostiki na jozi moja tu ya glavu. Mama mmoja alipokuwa anamimina, soda iliruka ikamchoma mkononi mwenzake wa upande wa pili. Tulimwosha kwa maji mengi, na baadaye kidonda kikapona. Lakini kabla ya jioni habari ilikuwa imefika sokoni, na haikuwa tena habari ya ajali. Ilisemwa kwamba fulani amemwagia fulani sumu. Tulitumia majuma matatu kwenda nyumba kwa nyumba tukieleza. Tulikuwa tumeleta kitu cha hatari, bila vifaa vya kutosha, kwa watu waliokuwa bado wanachunguzana macho.

Ndipo tulipotafuta sabuni ya kuyeyusha.

Sabuni hiyo ni nini?

Sabuni yote hutokana na mafuta kukutana na soda. Vikishikana vizuri, mafuta si mafuta tena wala soda si soda tena: vimekuwa sabuni na gliserini. Hatari iko katika saa ile ya kushikana. Soda ikitiwa ndani ya maji, maji huchemka yenyewe bila moto. Ikigusa jicho, inaweza kulipofusha. Sabuni ya kuyeyusha imekwisha kupita saa hiyo kiwandani. Huja katika vipande vikubwa, vyeupe au vinavyopitisha mwanga, na imeongezewa gliserini na vitu vingine ili iweze kuyeyuka na kuganda tena. Sabuni ya kawaida ya kufulia haiyeyuki hivyo. Ukiitia motoni inakuwa uji wenye mabonge. Tumejaribu.

Kazi yenyewe

Tunaanza kwa kupima. Kilo moja ya sabuni inatoa vipande 10 vya gramu 100, pungufu kidogo kwa sababu ya ile inayobaki imeshika chombo. Tunaikata vidogo vidogo, kama viazi vya mchuzi, ili iyeyuke kwa pamoja. Tunaiweka katika bakuli la chuma, na bakuli linakaa juu ya sufuria yenye maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja juu ya makala, itaungua na kunuka. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi. Isichemke. Ikichemka inapoteza maji yake, nayo hutoka ngumu na yenye mawingu. Koroga polepole, anayekoroga kwa nguvu anaingiza povu, na povu hilo litaonekana juu ya kila kipande.

Ikishayeyuka yote, iondoe motoni, kisha ndipo uongeze unachotaka. Kwa kilo moja, gramu 20 za mafuta ya manukato zinatosha kabisa, na yawe yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Kwa sabuni ya watoto wachanga sisi hatutii manukato. Unaweza kutia kijiko kimoja cha asali, au unga wa majani makavu ya moringa. Tunasisitiza neno makavu. Mama mmoja alitia maji ya majani mabichi, na baada ya siku chache vipande vikaota ukungu. Mwingine alitia maji ya kawaida ili sabuni iwe nyingi. Haikuwa nyingi, ilikuwa laini kama ugali wa jana, na hakuna aliyeinunua.

Mimina kabla haijaanza kuganda. Kalibu si lazima zinunuliwe: vikombe vya plastiki ngumu vinafaa. Chupa za maji zilizokatwa hazifai, kwa maana plastiki yake ni nyembamba na hupinda kwa joto. Povu lililobaki juu huondoka ukilipulizia spiriti kidogo ya famasi, mbali na moto. Kuna aliyeshauri tutumie lutuku. Tulicheka sana, lakini jibu ni hapana: ina maji mengi, na isitoshe haitafika kwenye sabuni.

Katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 sabuni huganda haraka, hata ndani ya bakuli, basi mimina upesi. Wakati wa mvua shida ni nyingine. Gliserini huvuta unyevu wa hewa, na vipande vinatoa matone kama mtu anayetoka jasho. Sabuni haijaharibika, lakini mnunuzi hataamini. Ikishapoa kabisa, ifunge siku hiyo hiyo katika plastiki.

Mizani na daftari

Tulidhani kwamba bila soda hakutakuwa na ugomvi. Ulikuja kwa mlango mwingine. Mwanzoni vipande vilikatwa kwa macho, na kila upande uliona vipande vya upande wa pili ni vikubwa. Sasa mizani inakaa katikati ya meza na kila kipande kinapimwa mbele ya wote. Gramu zinaandikwa daftarini, na daftari husomwa kwa sauti kabla ya watu kwenda nyumbani. Inachosha. Sisi wenyewe tuliona ni kupoteza wakati, mpaka tulipoona kwamba hakuna tena anayebaki nyuma kunong'ona.

Daftari lilifunua jambo lingine pia. Mauzo ya kwanza yalionekana kuwa na faida kwa sababu hakuna aliyehesabu usafiri kutoka Lubumbashi, makala, wala plastiki ya kufungia. Tulipojumlisha vyote na kugawa kwa idadi ya vipande, tukakuta tuliuza kwa hasara. Sabuni hii ni ghali kuliko ya mawese na haiwezi kushindana na mche wa kufulia. Inafaa kuuzwa kama sabuni ya kuogea na ya zawadi, kwa walio na mshahara, na kwa harusi.

Wanunuzi wengine ni wake wa wachimbaji wa Fungurume. Hao wanauliza kama inaondoa vumbi la mgodi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na kile cha Leuven cha Ubelgiji, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watoto wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliochimbwa mpaka kati ya nyumba. Sabuni haiwezi kutoa kilichokwisha kuingia mwilini. Kunawa mikono kabla ya kula kunapunguza kinachoingia, na kwa hilo sabuni yoyote inatosha, hata ya bei ndogo. Tunawaambia hivyo ingawa tunapoteza mteja.

Na mawese?

Akina mama wenyewe wameomba kuyarudia. Safari hii kila mmoja atakuwa na glavu na miwani, na sufuria itakuwa ya chuma cha pua au ndoo ya plastiki ngumu, kwani soda hula aluminiamu. Soda itamiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya soda. Kwa kilo moja ya mawese tutatumia gramu 134 za soda, pungufu kidogo ya kiasi kinachoweza kushikana na mafuta yote, ili isibaki soda ya kuchoma ngozi. Sabuni itakaa majuma 4 kabla ya kuuzwa. Mama aliyeungua ndiye aliyejitolea kupima soda. Ameomba kwamba wa kumimina awe yule yule wa siku ile.