Sura ya 4: Fundi wa Sericho na Vibali Vyake

Sheria za Kenya hazina leseni moja ya fundi wa kazi zote. Fundi wa Sericho anayenyoosha bawaba za mlango asubuhi, akaezeka mabati adhuhuri na kufunga sola jioni, kisheria anafanya kazi tatu tofauti, na si ofisi moja inayozisimamia. Wengi hukwama hapo. Mtu hulipia kibali cha kaunti, akakitundika ukutani, akaamini amemaliza.

Kibali kile kinamruhusu kufanya biashara; hakisemi lolote kuhusu ufundi wake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti leseni za biashara lakini ikauacha usimamizi wa taaluma nje ya mamlaka yao. Ada ambayo zamani ilikwenda kwa Baraza la Kaunti la Isiolo sasa huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa kutazama aina na ukubwa wa biashara. Sheria hiyo hubadilika, kwa hiyo usilipe kwa kukumbuka kiwango cha zamani. Jina la biashara nalo husajiliwa serikali kuu, kupitia eCitizen, isipokuwa kwa anayefanya kazi kwa jina lake halisi bila kuongeza kitu.

Kwenye umeme sheria imekaza zaidi, na ina haki ya kukaza. Kanuni za sola za 2012 ziliwagawa mafundi kwa madaraja: T1 ni wa mifumo midogo ya betri moja isiyozidi wati 100, kisha T2 na T3 kwa mikubwa zaidi. Leseni hutoka EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Wanaofunga waya za stima majumbani wana madaraja yao, kuanzia C2 kupanda hadi A1. Kuna wanaosema volti 12 za sola haziwezi kumdhuru mtu. Ni kweli kwamba ukizishika hazikurushi, lakini betri isiyo na fyuzi, waya wake ukigusana, humwaga mkondo mkubwa mno kwa mara moja. Waya mwembamba huwa mwekundu, plastiki yake ikayeyuka na kudondoka, na nyumba ya miti na mikeka haihitaji zaidi ya hapo kushika moto. Kwa hili sina huruma na njia ya mkato.

Kwa mjengo, Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inamtaka kontrakta ajisajili, katika madaraja ya NCA 1 hadi NCA 8, na inatambua pia mafundi stadi mmoja mmoja. Aliyejifunza kazi kwa kumfuata fundi mkubwa, bila kupita chuoni, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, akaanza na gredi ya tatu na kupanda hadi ya kwanza. Ningemshauri kila kijana aanzie hapo, kwa sababu cheti hicho ndicho kinachozungumzia mkono wake.

Kodi ni fupi. Tangu Julai 2023, anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo. Mafundi wengi wa wadi ya Sericho hawafiki huko, lakini PIN ya KRA, mamlaka ya mapato, wataihitaji.

Wataihitaji kwa zabuni. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na paa la shule ya Sericho likipeperuka, asiye na karatasi hapewi kazi hata kama ndiye aliyeliezeka mara ya kwanza. Nasema waziwazi: ofisi zinazotoa karatasi hizi ziko mbali mno na wadi hii, na kaunti ina wajibu wa kuleta maafisa na mitihani hadi Garbatulla na Sericho kwenyewe.

Wewe fundi, ukidaiwa ada, uliza imeandikwa katika sheria gani, kisha dai risiti. Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kodi au ada yoyote ya leseni isiyowekwa na sheria.