Je, Wajua? Kompyuta 16 zilizotumiana ujumbe
Prosesa nyingi zikichangia kumbukumbu moja, kila moja huiona data moja kwa moja. Zikizidi, husongamana kama ndoo kwenye kisima kimoja. Njia nyingine ni kila prosesa kuwa na kumbukumbu yake, na data isafiri kwa ujumbe. Mwaka 1994, wakifuata njia hii, Thomas Sterling na Donald Becker wa kituo cha NASA cha Goddard, Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, vifaa vya dukani tu, kwa mtandao wa Etheneti. Mtambo huo wakauita Beowulf. Wazo zuri ajabu: hata chuo kisicho na fedha nyingi kingeweza kujijengea wake! Ila mwandishi wa programu ndiye hupanga prosesa ipi iipelekee ipi data gani, na lini.