PS5 Pro na neno "kununua"

Tarehe 10 Septemba 2024 Mark Cerny wa Sony alitambulisha PS5 Pro. Wapenzi wa picha safi walifurahi. Wengine walilalamikia bei, karibu dola 700, tena bila kisoma-diski, ambacho kinauzwa kando. Hapa Kasomeno naona hilo la pili ndilo zito. Diski unamwazima rafiki, unabadilishana na mwingine, unaiuza tena. Mchezo wa kupakua unakula mega (umeme ukikubali), kisha haukopesheki. Je, umenunuliwa? Mwezi uleule California ilipata sheria mpya: duka la dijitali lisiandike "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anapata leseni tu. Kwa Kiswahili ningesema "kukodi", ingawa mwenye kukodi nyumba huambiwa mkataba unaisha lini.