Kila Mtoto na Siku Yake

Mazungumzo ya redioni kwa wazazi wenye watoto wadogo

   Leo tuzungumze juu ya kuwafundisha watoto wadogo nyumbani: kusoma, kuhesabu, kuomba, na kukaa vizuri na watu.

Neno letu limo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, mstari wa 6 na wa 7. Hapo Musa anawaagiza Waisraeli kwamba maneno ya Mungu yakae kwanza mioyoni mwao wenyewe, kisha wawafundishe watoto wao kwa bidii, wakiwa nyumbani, wakiwa safarini, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Angalieni, ndugu zangu, hapa hakuna kengele wala ubao. Darasa ni nyumba na njia, na mwalimu ni mzazi.

Lakini najua mama mmoja anayenisikiliza sasa anasema moyoni, "Mimi nitafundishaje? Sikusoma sana. Vitabu sina. Watoto ni wengi, na kazi za shamba na jikoni haziishi." Maneno hayo ni ya kweli, wala hayajibiwi kwa kumwambia mama ajikaze tu. Kwa hiyo nitawaeleza habari za mama aliyefundisha watoto wengi katika nyumba yenye dhiki, nanyi mtaona alivyofanya.

Mama huyo ni Susanna Wesley. Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1669, akaolewa na Samuel Wesley, ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Epworth, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Lincolnshire. Alizaa watoto kumi na tisa. Tisa walikufa wangali wachanga, wakabaki kumi: wavulana watatu na wasichana saba. Msidhani walikuwa matajiri. Mwaka 1705 Bwana Wesley alitiwa gerezani kwa ajili ya deni. Tena, usiku wa tarehe 9 Februari 1709, nyumba yao iliteketea yote kwa moto. Mtoto wao John, mwenye miaka mitano, alitolewa kwa dirishani paa likiwa karibu kuanguka. Huyo John, pamoja na mdogo wake Charles, ndio walioanzisha mwendo wa Wamethodisti. Wamishenari wa mwendo huo walifika pwani ya Kenya mwaka 1862 wakaanza kazi Ribe. Basi wako Wakenya wengi waliokula matunda ya mti uliopandwa katika nyumba ile ya Epworth, hata kama hawajapata kulisikia jina la mama huyu.

Je, alifundishaje? Tunajua vizuri, maana mwaka 1732 John alimwomba mama yake amwandikie habari hizo, naye akamjibu kwa barua ndefu.

Jambo la kwanza, alikuwa na saa maalum. Watoto walisoma tangu saa tatu mpaka saa sita, na tena tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kupiga kelele wala kukimbilia uani bila ruhusa. Mtoto hakuanzishwa kusoma mpaka atimize miaka mitano. Siku moja kabla ya kuanza, nyumba yote ilitengenezwa, kila mtu akapewa kazi yake, na wote wakaonywa wasiingie chumbani saa za masomo. Yaani mtoto mdogo wa miaka mitano aliona jamaa nzima ikimpisha yeye, ili ajifunze. Siku hiyo moja alijifunza herufi zote. Wawili tu kati yao, Mary na Anne, walichukua siku moja na nusu.

Kesho yake mtoto hakutafutiwa kitabu kingine. Alifunguliwa Biblia, Mwanzo sura ya 1. Aliutamka mstari wa kwanza herufi kwa herufi, akaurudia tena na tena mpaka akausoma bila kusita. Ndipo akaenda mstari wa pili. Kwa hiyo mama mwenye Biblia moja nyumbani asiseme hana kitabu cha kufundishia.

Kulikuwa na mtoto mmoja tu, Kezia, kitinda mimba, aliyeanzishwa kabla ya miaka mitano, kwa sababu mama yake alishindwa na maneno ya wengine. Mama anaandika kwamba Kezia alichukua miaka mingi kujifunza kuliko miezi waliyochukua wenzake. Hapo wazazi wa leo tusikilize. Siku hizi tunashindana: wangu ana miaka mitatu na anasoma, wako je? Mtoto si ndizi ya kuvundikwa ili iive upesi. Kila mtoto ana wakati wake.

Jambo la pili, nyumba ile ilikuwa na sheria za haki, na sheria hizo zilimfunga mzazi pia. Mtoto aliyekiri kosa lake na kuahidi kujirekebisha hakupigwa. Hakuna aliyeadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, wala kukumbushwa kosa lililokwisha. Mtoto akifanya jambo kwa nia ya kuwapendeza wazazi, hata akilikosea, nia yake ilipokewa kwa upole, kisha akaonyeshwa njia iliyo bora. Ahadi ilitimizwa. Kitu cha mtoto kilikuwa chake, na ndugu yake hakukichukua bila ruhusa, hata kikiwa pini tu. Tena hakuna msichana aliyewekwa kwenye kazi ya kushona kabla ya kujua kusoma vizuri. Fikirini, hayo yalifanyika zaidi ya miaka 300 iliyopita, na hata leo yako maboma ambako binti huitwa jikoni huku ndugu yake ameketi na daftari!

Lakini tuseme kweli yote. Mama Susanna alikuwa mkali. Watoto wake walifunzwa kuogopa fimbo na kulia polepole wakiwa na mwaka mmoja tu. Hilo siwaambii mliige. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inamlinda mtoto asidhulumiwe wala kuadhibiwa kikatili, na mtoto mwenye hofu hajifunzi vema. Chukueni ile sheria ya kukiri, maana ndiyo inayomfundisha mtoto kusema kweli.

Jambo la tatu, watoto walifundishana. Baada ya ule moto, watoto walitawanywa katika nyumba za watu mbalimbali. Waliporudi, mama aliona wamejifunza tabia mbaya na maneno yasiyofaa, ikambidi aanze upya. Ndipo akaweka desturi ya kuimba zaburi mwanzo na mwisho wa masomo. Saa kumi na moja jioni mkubwa wa wote alimchukua mdogo wa wote aliyeweza kusema, wa pili akamchukua aliyefuata, na hivyo hivyo wawili wawili, wakasomeana zaburi za siku na sura ya Agano Jipya. Katika nyumba yenye watoto wengi, wingi huo si mzigo tu. Mkubwa akimfundisha mdogo, wote wawili wanajifunza, na mama anapata nafasi ya kugeuza sufuria.

Jambo la nne, alirudia bila kuchoka. Inasimuliwa kwamba siku moja Bwana Wesley alihesabu mara ishirini mkewe akimwambia mtoto neno moja lile lile. Akastaajabia uvumilivu wake. Mama akajibu kwamba kama angaliacha katika mara ya kumi na tisa, kazi yote ingalipotea. Wazazi wenzangu, sisi huchoka katika mara ya tatu, tukamwita mtoto mjinga. Pengine alibakiza mara moja tu.

Sasa nafika kwenye jambo la tano, na ndilo hasa nililotaka mlikumbuke leo. Miaka michache baada ya moto, mama huyu alisoma habari za wamishenari waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda kuhubiri Uhindi. Moyo wake uliguswa. Yeye hakuweza kwenda Uhindi, lakini aliona kwamba roho alizopewa kuzilinda ziko humo humo nyumbani mwake. Basi akampa kila mtoto jioni yake, wazungumze wawili tu. Mwaka 1712 alimwandikia mumewe akimpa orodha: Jumatatu ni Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi Jacky, ndiye John, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, na Jumapili Emily na Sukey pamoja. Katika saa hizo hapakuwa na ubao wala mtihani. Mama alisikiliza lililomo moyoni mwa mtoto.

Je, mtoto alifaidi nini? Miaka ishirini baadaye, John akiwa mtu mzima na mwalimu katika chuo cha Oxford, alimwandikia mama yake akiitamani ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni, maana ilimjenga moyo. Herufi alijifunza kwa siku moja. Alhamisi ile alikaa nayo maisha yake yote.

Basi, wasikilizaji, sisi wa Kenya tufanye nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule. Sisemi mwatoe watoto shuleni. Lakini miaka ya kwanza kabla ya shule ni yetu. Jioni ni zetu, na likizo ni zetu. Tena tunakumbuka mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na wanafunzi walio wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Kila nyumba iligeuka shule, ikiwa tayari au haiko tayari. Wazazi wengi waligundua wakati huo kwamba hawajui mtoto wao anapenda nini, anaogopa nini, wala anasoma namna gani. Shule ilikuwa ikimjua mtoto kuliko nyumba.

Anzeni kwa kidogo. Kwa mtoto mdogo saa sita za Epworth ni nyingi mno. Robo saa inatosha, mradi iwe wakati ule ule kila siku, labda baada ya chai ya jioni. Mhesabuni maharagwe mnapoyachagua. Mwandike herufi mchangani kwa kijiti. Mkienda mtoni au sokoni, mwulize mtoto majina ya miti na ndege kwa lugha ya nyumbani. Mama asiyejua kusoma na asimulie habari za Yusufu na Danieli, naye mtoto wa darasa la nne asome mstari kwa sauti, wote wasikie. Baba naye asikae pembeni na redio yake akisema hiyo ni kazi ya mama. Musa hakuwaagiza wanawake peke yao. Kisha kila mtoto apewe siku yake. Wakiwa watano, zitabaki siku mbili za kupumzika. Jumatatu ya mtoto iwe yake hata kama ni dakika kumi za kuchambua mboga pamoja naye, wengine wakiwa nje.

Neno moja la mwisho, ili mtu asije akavunjika moyo. Si watoto wote wa Mama Susanna walioishi kwa raha. Hetty alikuwa hodari kuliko wengi; husemwa kwamba alisoma Agano Jipya kwa Kiyunani akiwa na miaka minane. Lakini ndoa yake ilikuwa ya huzuni, na dada zake kadhaa pia waliona taabu nyingi. Mama yule yule, Biblia ile ile, zaburi zile zile. Kufundisha nyumbani si mashine ambayo ukitia mtoto huku, anatoka mtakatifu kule. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho, katika waraka wa kwanza, sura ya 3, kwamba mmoja hupanda na mwingine hutia maji, lakini anayekuza ni Mungu. Mzazi ambaye mtoto wake mkubwa ameiacha njia asijihukumu kwamba kazi yake yote ilikuwa bure. Na mzazi ambaye watoto wake wamesimama asijisifu. Sisi tumepewa kupanda na kutia maji, na kazi hiyo tuifanye leo jioni.

Tuombe. Baba yetu, umetupa watoto hawa kwa muda mfupi. Utupe uvumilivu wa kurudia mara ya ishirini, masikio ya kusikia anayosema mdogo, na upendo usiomsahau hata mmoja. Uwakumbuke wazazi ambao watoto wao wako mbali. Katika jina la Yesu, Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.