Uchina na Ncha za Dunia

Ukitazama ramani ya dunia utaona kwamba Uchina haipakani na barafu ya kaskazini wala ya kusini. Hata ncha yake ya kaskazini kabisa, karibu na mji wa Mohe, iko zaidi ya kilomita 1,400 kusini mwa Duara la Aktiki. Mbona basi yatajwa kila panapozungumzwa habari za ncha za dunia?

Mimi naona jibu limo katika kisa cha mwaka 1983. Mwaka huo Uchina ilijiunga na Mkataba wa Antaktika, uliotiwa sahihi 1959. Mkataba huo haumpi kila mtu kura. Mbali na zile nchi 12 zilizouanzisha, anayetaka kura sharti aonyeshe kwa vitendo kuwa anafanya utafiti mkubwa huko, kwa mfano ajenge kituo. Wajumbe wa Uchina walihudhuria mkutano mjini Canberra, Australia, na ulipofika wakati wa kuamua, wakaombwa watoke nje. Hebu fikiria! Taifa la watu bilioni moja linasubiri mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride.

Guo Kun, mmoja wa wajumbe hao, hakukaa kulalamika. Februari 1985 kituo cha Ukuta Mkuu kilifunguliwa katika kisiwa cha King George, yeye akiwa mkuu wake. Oktoba mwaka uo huo, Uchina ikapata kura. Haba na haba hujaza kibaba: Zhongshan 1989, Kunlun 2009, Taishan 2014, Qinling 2024. Na kwa kuwa maamuzi hupita wote wakikubaliana, nchi moja tu yaweza kuzuia jambo.

Kaskazini mambo ni tofauti, maana kule kuna wenyewe. Nchi 8 za Baraza la Aktiki ndizo zinazoamua. Uchina ilikubaliwa kuwa mtazamaji tu mwaka 2013. Mwaka 2018 ikajiita ati "nchi iliyo karibu na Aktiki". Mike Pompeo, aliyekuwa Waziri wa Nchi za Nje wa Marekani, alijibu 2019 kwamba kuna nchi za Aktiki na zisizo za Aktiki, basi. Lakini si maneno yanayofungua njia huko. Makampuni ya Uchina yana hisa katika gesi ya Yamal, Urusi, na barafu inapoyeyuka kiangazi, njia ya meli kwenda Ulaya huwa fupi kuliko ya Suez.

Wengine husema vituo hivyo ni vya kijasusi. Kweli, mtambo unaopokea habari za setilaiti waweza kumtumikia mwanasayansi na mwanajeshi pia. Ila vituo vya mataifa mengine navyo vina mitambo ya namna hiyo, wala sisikii vikilaumiwa.

Linalonikosesha usingizi mimi ni mwaka 2048. Kuanzia hapo, nchi yoyote yenye kura yaweza kuitisha mkutano wa kupitia upya marufuku ya kuchimba madini Antaktika. Nchi zenye kura ni 29. Kutoka Afrika yetu hii yote, ni Afrika Kusini peke yake.